Meza ya Shemasi Pruitt

Othella Pruitt hakutafuta kisu wala mkasi. Aliipasua bahasha kwa meno palepale barazani, begi bado begani, wavu wa nywele wa jikoni shuleni bado kichwani. Akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akapiga ukelele hata jirani wa ng'ambo akafungua dirisha kuuliza kulikoni.

"Hakuna kitu, mama! Ni riba imekufa!" Othella alimjibu, akaingia ndani mbio.

Mumewe alikuwa mezani anavua viatu vya kazi. Jina lake Hosea, lakini mtaani walimwita Junia, kwa sababu baba yake naye ni Hosea Pruitt, na ilibidi watu wawatofautishe. Mkubwa alikuwa Shemasi Pruitt. Mdogo, hata alipotimiza miaka arobaini na minne na kuota kitambi, alibaki kuwa Junia.

"Soma," Othella alimwambia, akambandika barua usoni.

"Nitaisomaje na iko puani?"

"Basi nakusomea. Kadi mpya ya mkopo, Junia. Unahamishia humo deni lote la kadi ya zamani, halafu miezi ishirini na moja hawatakudai riba. Umesikia? Miezi ishirini na moja! Hata senti!"

"Na wao watakula nini?"

"Asilimia tatu ya kuhamishia, mara moja tu. Wakishakula hiyo wanafuta midomo."

Junia aliweka kiatu chini polepole. Deni lao lilikuwa dola elfu nane na mia tisa. Nusu ilitokana na tanuri la kupashia nyumba joto, lililokufa katikati ya Januari, na nusu ilitokana na goti lake lililopasuliwa. Kila mwezi walilipa dola mia nne na arobaini, na kila mwezi mia mbili na kitu zilimezwa na riba kabla deni lenyewe halijaguswa. Ili kuzipata hizo, Othella alichukua zamu ya Jumamosi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa na msemo wake: "Nafua mashuka ya wageni ili benki ilale vizuri."

Binti yao Corliss, miaka kumi na sita, aliteremka ngazi akiwa tayari anabonyeza simu. "Elfu nane mia tisa, ongeza asilimia tatu, gawa kwa ishirini na moja... Mama! Ni mia nne thelathini na saba kwa mwezi. Ni pesa ileile tunayolipa sasa!"

"Unaona? Mtoto kasema."

"Tukianza Desemba hii, ya mwisho ni Agosti," Corliss aliendelea, na sauti ikamshuka kidogo. "Si hii ijayo. Ile ya baada yake."

Wote watatu waliijua Agosti ile. Ndiyo Agosti ambayo Corliss angeingia chuo. Ada angesaidiwa, walimu walishamhakikishia. Lakini chumba na chakula vilitaka kianzio cha dola elfu tatu, na elfu tatu ndizo hasa ambazo benki ingekula kama riba kwa kadi ya zamani. Othella alikuwa ameipiga hesabu hiyo mara nyingi akiwa anakunja mashuka, na kila mara ilimtoa machozi ya hasira. Sasa hesabu ileile ilimfanya atake kucheza.

"Jaza fomu," alisema. "Sasa hivi. Kabla hawajabadili mawazo."

Ilibidi liwe jina la Junia. Jina la Othella lisingefaa kitu: alimdhamini dada yake gari, na gari na dada wote wawili wakahamia Georgia, deni likabaki kwake. Sharti la benki lilikuwa alama za mkopo, zile zinazoonyesha mtu analipaje madeni yake, mia sita na sabini kwenda juu. Junia alikuwa hajaziangalia tangu apasuliwe goti. Lakini bili zake alilipa, hakuchelewa hata mara moja, aliogopa nini?

Walikaa bega kwa bega kwenye meza ile kubwa ya mwaloni, meza ya viti vinane, zawadi ya Shemasi Pruitt walipohamia nyumba hii miaka minne iliyopita. "Nimelipa taslimu," mzee alitangaza siku ile, mikono mifukoni. "Pruitt hanunui kitu kwa mkopo." Ajabu ni kwamba mwenyewe hakuwahi kuikalia. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kula, na kila Jumapili aliketi kwenye kochi karibu na televisheni, sahani mapajani. Mgongo, alisema. Viti virefu vinamuumiza mgongo. Othella alimwachia kiti cha kichwani mwa meza, cha nane, hakukivua hata nailoni ya dukani. "Kitavuliwa na mwenyewe siku atakayokikalia," alisema, na kiti kikabaki na nailoni yake miaka minne.

Junia alijaza jina. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika "Junia," akaandika Hosea Pruitt, yakaisha. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Othella alimshika mkono, Corliss akafumba macho.

Tunasikitika, kioo cha simu kilisema.

*

Hakulala mtu vizuri, na asubuhi Othella aliomba ruhusa kazini, akachapisha faili lote la mikopo la mumewe kule maktaba, kurasa kumi na moja, senti kumi kila ukurasa. Kwenye ukurasa wa saba alilikuta. Deni la dola elfu moja mia moja na themanini, la duka la samani, limepelekwa kwa wakala wa kudai madeni, halijalipwa miaka mitatu. Alama za Junia: mia sita na kumi na moja.

"Junia, una mwanamke?" alimuuliza aliporudi kutoka kazini.

"Nani?"

"Nakuuliza kwa upole. Umemnunulia nani samani?"

"Othella, mimi pesa ya soda nakuomba wewe!"

Hilo lilikuwa kweli. Wakampigia simu wakala, sauti ikawekwa wazi ili kila mmoja asikie. Alipokea kijana mmoja aliyekuwa akitafuna kitu.

"Wewe ndiye Hosea Pruitt?"

"Ndimi."

"Unaishi nambari 1418, Mtaa wa Elmgrove?"

"Ndiyo."

"Basi bwana, ni wewe. Tumekuandikia barua kumi na tisa. Kumi na tisa! Watu wengine haya hawana kabisa."

Junia aliona aibu utadhani ameiba kweli. "Sijaona hata moja, ndugu yangu. Na hilo duka sijawahi kuingia. Nilinunua nini?"

Karatasi zikasikika zikipinduliwa. "Meza moja ya kulia chakula, ya mwaloni. Viti vinane. Vimeshushwa kwako hapohapo 1418, na aliyepokea kaweka sahihi: Othella Pruitt."

Othella aliinua viwiko vyake taratibu kutoka mezani, kana kwamba ubao umemchoma. Corliss aliangalia kiti alichokalia.

"Jamani," alisema, "tumelikalia deni."

Ndipo Othella alipogeuka na kukitazama kikapu kidogo kilichokuwa juu ya kabati la vyombo, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Kile kilikuwa kikapu cha barua za mzee. Katika familia hii kulikuwa na sheria moja ya zamani, aliyoiweka Shemasi mwenyewe Junia akiwa bado kijana: barua yenye jina Hosea Pruitt, ikiwa haina "Junia" mwishoni, ni ya baba, na barua ya mtu haifunguliwi. Basi miaka yote Corliss aliziweka kikapuni, na Jumapili baada ya chakula alimkabidhi babu yake kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Barua zote kumi na tisa walimpa wenyewe, pamoja na kuku wa kwenda naye nyumbani.

"Tukilipa sisi?" Junia alimuuliza yule kijana kwa sauti ndogo.

"Ukilipa umekiri ni lako, na doa linabaki miaka. Kama si lako, mwenye deni aseme mwenyewe. Kwa mdomo wake, na tarehe yake ya kuzaliwa. Unamjua?"

Junia aliitazama meza. "Namjua," alisema.

*

Jumapili ya pili baada ya simu ile, Othella alipika kama kawaida: kuku wa kukaanga, mboga za majani kwa shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, mkate wa mahindi, makaroni ya jibini yenye ukoko juu. Shemasi Pruitt aliingia na suti yake ya kijivu, akatundika kofia, akabusu mjukuu, akaenda moja kwa moja kwenye kochi.

"Karibu mezani, Baba," Othella alisema.

"Mgongo, mwanangu. Nipe hapa hapa."

Jikoni Junia alimvuta mkewe mkono. "Mwache ale kwanza."

"Wiki ya pili hii unamwacha ale. Ofa inakwisha tarehe thelathini Novemba. Atakula mpaka lini?"

"Ni baba yangu, Othella."

"Na yule ni mwanao!"

Junia alikuwa mwanamume wa kubeba injini mgongoni bila kuguna, lakini mbele ya baba yake alikuwa na umri wa miaka tisa. Othella alimwona hivyo, akamhurumia, akamkasirikia, akatoka yeye.

"Baba, zile barua tunazokupa, huwa unazisoma?"

Uma wa mzee ulisimama. "Barua ya mtu ni siri yake."

"Ni kweli. Ila hizi zimetufikia. Benki imemnyima Junia kadi kwa sababu ya deni la samani. Ni jina lako, na anwani yetu."

"Nani kakwambia?"

"Meza yenyewe, Baba."

Shemasi Pruitt aliweka sahani chini, makaroni hayajafika nusu. Alisimama. Mtu mrefu yule, alikuwa amekesha mbele ya matanuri ya kiwanda cha vioo miaka thelathini na minne, akastaafu na mgongo ulionyooka. Wote pale waliona kwamba mgongo haukuwa na tatizo lolote.

"Miaka thelathini na moja nahesabu sadaka kanisani," alisema. "Haijapotea hata senti. Leo nimekuja kuhesabiwa na mkwe wangu, mbele ya mjukuu."

"Baba, sikumaanisha..."

"Kofia yangu iko wapi?"

Alivaa, akatoka, pai ya viazi vitamu haijakatwa. Gari lake lilikataa kuwaka mara ya kwanza, likakataa na ya pili, na muda wote huo ilibidi akae pale mbele ya dirisha lao, akitazama mbele. Lilipowaka Junia alimgeukia mkewe.

"Umemvua nguo baba yangu."

"Na yeye katuvika zake! Miaka mitatu tunatembea nazo hatujui!"

Hawakusemezana mpaka Jumanne.

*

Jumanne, saa kumi na moja jioni, kengele ililia. Shemasi Pruitt alikuwa mlangoni na suti ileile ya kijivu, na tai, siku ya Jumanne.

"Nipigieni huyo mtu," alisema, hata salamu hakutoa.

Othella alimvutia kiti. Mzee akatikisa kichwa. Alisimama nyuma ya kile kiti cha nane, mikono yote miwili juu ya nailoni, kama mtu aliyeshika mimbari. Junia alipiga simu. Alipokea yuleyule kijana, bado anatafuna.

"Jina?"

"Hosea Pruitt."

"Si tulishaongea na wewe?"

"Mliongea na mwanangu. Mimi ndiye wa kwanza." Akataja tarehe yake ya kuzaliwa, akataja nambari alizoulizwa, moja moja, kwa sauti ya kusoma Maandiko. "Deni ni langu. Meza nilinunua mimi. Yeye hadaiwi."

"Kwa nini hukulipa muda wote huo, mzee?"

Lilikuwa swali la kuonea, na wala halikuwa na kazi yoyote kwenye fomu. Othella alitaka kumnyang'anya Junia simu amtukane kijana yule. Lakini mzee alijibu.

"Nililipa miezi mitano. Mwezi wa sita mke wangu akaugua. Pesa ilikuwa moja, ya meza au ya dawa. Nikachagua dawa. Halafu akafa, na mimi nikawa nimeshazoea kutofungua barua."

Kijana aliacha kutafuna. "Pole, baba," alisema, na kuanzia hapo aliongea kama mtu aliyelelewa. Wakakubaliana dola arobaini kwa mwezi. Naye angeandika leo hii kwamba jina lilichanganywa, deni liondolewe kwenye faili la mwana.

Simu ilipokatwa Junia alikuwa analia wazi, bila kujificha. "Baba, kwa nini hukuniambia? Mimi ningelipa."

"Ningekupa zawadi halafu nikuletee bili?" Mzee alipapasa ubao wa meza kwa vidole viwili tu. "Nyumba niliyokulia mimi, tulikula tumesimama. Wewe nilikulea na kimeza cha kukunja. Nilitaka mwanangu awe na meza ya viti vinane. Viti sita havikunitosha, nilijitia ubosi." Akamtazama Othella. "Samahani, mwanangu."

"Mimi ndiye wa kuomba samahani, Baba. Kaa basi, unywe hata kahawa."

"Siku nyingine," alisema. Akaondoka.

*

Novemba tarehe kumi na nne, Othella akiwa katikati ya kuwapakulia watoto mia tatu viazi, simu ilitetemeka kwenye aproni. Ni Junia. "Mia saba na mbili!" alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake mashine za ghala zinanguruma. "Othella! Alama mia saba na mbili!"

"Usiguse kitu! Usibonyeze mpaka nifike!"

Jioni ile walikaa tena mezani. Jina, anwani, mshahara. Kiduara kikazunguka, na safari hii Corliss alikuwa amesimama juu ya kiti, mikono kichwani.

Hongera, kioo kilisema. Kikomo: dola elfu kumi.

Loo! Nyumba ilitikisika. Othella alimshika Junia kiuno, wakazunguka sebule mpaka goti likalia, wakacheka, wakazunguka tena. Corliss alicheza peke yake juu ya kiti. Jirani wa ng'ambo akafungua dirisha.

"Ni riba tena?"

"Tumeizika, mama! Leo tumeizika kabisa!"

Bado kitu kimoja. Kadi ingekuja kwa posta, na kuhamisha deni kulihitaji nambari zilizoandikwa nyuma yake, kabla tarehe thelathini haijaisha. Siku saba mpaka kumi, benki ilisema. Othella akaanza kumvizia mtu wa posta. Siku ya nne alimsalimia, siku ya sita alimpa kahawa, siku ya nane alimuuliza kama ana watoto. Jumanne tarehe ishirini na tano, uvumilivu ukamshinda, akaipigia benki simu.

"Kadi imefika, bibi. Ijumaa iliyopita. Nambari 1418."

"Haijafika! Mimi namjua mtu wa posta mpaka majina ya wanawe!"

Nyuma yake Corliss alikuwa amebadilika rangi. "Mama," alisema, "ilikuwa bahasha nyeupe? Haina picha?"

"Mimi nitajuaje?"

"Ilikuwa imeandikwa Hosea Pruitt. Haikuwa na Junia." Machozi yakamtoka. "Nikaiweka kikapuni. Jumapili nikampa babu."

Mazoea yana taabu. Mtoto alikuwa ameshuhudia mkasa wote kwa macho yake, na bado mkono wake ulifanya ulichozoea. Othella alifungua mdomo amfokee, akakumbuka ni nani aliyemfundisha, akaufunga.

Walipiga simu kwa mzee. Iliita mpaka ikakata. Wakaendesha gari mpaka kwake, wakakuta giza. Jirani yake akawaambia ameondoka Jumatatu kwenda kwa dada yake Cleveland, atarudi Alhamisi, Sikukuu ya Shukrani. Na huko Cleveland shangazi alijibu, akasema mzee yuko kanisani, ujumbe atampa, ila masikio yake mwenyewe, mwanangu, si ya kutegemea.

"Huwa anazifanyia nini hizo barua?" Othella alimuuliza mumewe garini.

Junia aliwaza. "Sijui."

"Unafikiri anazichoma?"

"Nimekwambia sijui!"

*

Alhamisi bata mzinga aliingia tanurini saa kumi na mbili asubuhi, na kila gari lililopita Othella alikimbilia dirishani na kijiko mkononi. Saa saba hakuna mtu. Saa saba na nusu hakuna mtu. Alikuwa ameshaanza kujiambia kwamba miezi ishirini na nane ya kuimaliza kadi ya zamani si mingi, kwamba Corliss angeweza kungoja mwaka mmoja, kwamba watu wameishi na makubwa zaidi, na hata mwenyewe hakuyaamini. Saa nane kasoro gari la mzee likaegesha.

Alishuka na mifuko miwili mikubwa ya dukani, kila mkono mmoja, imejaa mpaka inapasuka.

"Nimepitia nyumbani," alisema. "Dada yangu kaniambia kitu kuhusu kuku na kadi, sikumwelewa vizuri. Nikaona nilete zote."

Alikwenda mpaka mezani. Hakulitazama kochi. Akasogeza sahani nzuri za sikukuu, akainua mfuko wa kwanza, akaupindua, kisha wa pili. Bahasha zikamwagika mwaloni mzima, nyeupe, kahawia, za madirisha ya nailoni, nyingine zikateleza mpaka sakafuni. Miaka minne ya barua. Hakuna hata moja iliyokuwa imefunguliwa.

"Nilikuwa naogopa," Shemasi Pruitt alisema. Alisema waziwazi, mbele ya wote. "Nilikuwa naziweka chini ya kitanda, halafu nalala juu yake."

Kisha akavuta kiti cha nane, akaketi. Nailoni ikalia chwaa.

Walikaa wote wakaanza kupasua. Corliss kwa kucha, Junia kwa kisu cha siagi, Othella kwa meno. Mzee alishika ya kwanza muda mrefu, akaifungua kingo kwa kingo. Ilikuwa tangazo la miwani.

"Hii nimeiogopa miaka miwili," alisema, na Junia ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote.

Yalikuwa matangazo ya mazulia. Kadi za Krismasi nne. Daktari wa meno. Hundi ya dola sitini kutoka bima, imeshapitwa na wakati, mzee akaipigia magoti ya utani. Na barua za wakala, zote kumi na tisa, ambazo Othella alizikusanya moja moja, akazipanga akaziweka chini ya chombo cha mchuzi. Bata mzinga alipoa. Hakuna aliyejali.

"Ni hii?" mzee aliuliza. Bahasha ndogo, nyeupe, haina picha, ngumu katikati. Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole. "Imeandikwa jina langu."

"Ni lako na langu, Baba," Junia alisema. "Fungua."

"Barua ya mtu haifunguliwi."

"Fungua!" wakasema watatu kwa pamoja.

Akaifungua. Kadi ilikuwa ya buluu. Junia aliichukua, akapiga nambari, akasoma tarakimu za nyuma kwa mashine, akasoma nambari ya kadi ya zamani, akataja kiasi. Elfu nane, mia tisa. Mashine ikamwambia asubiri. Muziki ukapigwa, muziki mbaya wa kuudhi, na Othella alikuwa ameushika mkono wa Corliss upande huu na mkono wa mkwewe upande ule, wala hakukumbuka ameushika lini.

Ombi lako limekubaliwa, mashine ikasema. Malipo ya kwanza ni Desemba.

Othella hakupiga ukelele safari hii. Aliinamisha kichwa mezani, paji la uso juu ya bahasha zilizopasuka, akalia mpaka mabega yakatikisika, na Corliss akamlalia mgongoni huku akimnong'oneza, "Agosti, Mama. Agosti." Jirani wa ng'ambo alifungua dirisha akasubiri, hakusikia kitu, akafunga.

Alipoinua uso aliufuta kwa aproni, akasimama, akazunguka meza mpaka kichwani.

"Inuka kidogo, Baba."

"Nimefanya nini tena?"

"Inuka tu."

Mzee aliinuka nusu. Othella akashika nailoni pembeni, akaivuta kwa nguvu, ikapasuka yote kwa mpigo mmoja, akaikunja na kuitupa kwenye takataka pamoja na ile kadi ya zamani, ambayo Junia alikuwa ameshaikata vipande vinne.

"Haya, kaa sasa."

Shemasi Pruitt alikaa. Akaegemea. Akajaribu na mikono ya kiti.

"Kumbe kizuri," alisema, na akaomba asogezewe makaroni.